Damu katika mkojo si jambo la kuonewa haya

MIONGONI mwa maradhi ambayo watu wetu huyabeba kimya kimya hadi yanapowalaza kitandani ni saratani ya kibofu cha mkojo. Mtu huona damu katika mkojo wake. Haimuumi, baada ya siku mbili tatu hutoweka, naye hunyamaza. Inaporudi hujiambia kuwa ni joto la mwili, au hutafuta mizizi ya kuchemsha. Anapofika hospitali, mara nyingi uvimbe umekwisha kupenya ukuta wa kibofu. Ijumaa hii tunapenda kulizungumza jambo hili kwa uwazi, kwani ukimya huo una hasara mbili: unamwangamiza mgonjwa mwenyewe, na unawanyima wataalamu elimu ambayo ingewafaa watakaougua baada yake.

Elimu tunayoikusudia ni ile ya kuzisoma jeni za uvimbe, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila chembe hai ya mwili. Ni vyema msomaji ajue kwamba elimu hii ilipiga hatua yake kubwa ya mwanzo kupitia kibofu cha mkojo. Mwaka 1982 watafiti nchini Marekani, wakiwemo Robert Weinberg, Michael Wigler na Mariano Barbacid, walitenga jeni kutoka katika chembe za saratani ya kibofu. Walipoilinganisha na jeni hiyo hiyo ya mtu asiye na ugonjwa, waliona kuwa tofauti yao ilikuwa herufi moja tu. Herufi moja ikibadilika, chembe husahau mpaka wake na kuanza kuzaana bila kikomo.

Miaka 30 baadaye, mwaka 2012, kundi la watafiti wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering ya New York, likiongozwa na Dk. David Solit, lilitangaza habari iliyowashangaza wengi. Dawa iitwayo everolimasi ilikuwa imejaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya kibofu iliyosambaa mwilini, na kwa jumla jaribio halikufikia lengo lake. Lakini mgonjwa mmoja uvimbe wake ulitoweka kabisa, na hali hiyo ikadumu zaidi ya miaka miwili. Badala ya kulihesabu kuwa ni bahati, watafiti waliusoma uvimbe wake kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Wakaikuta jeni iitwayo TSC1 imeharibika, nayo ndiyo huizuia njia ile ile ambayo dawa hiyo huifunga. Hapo ikadhihirika kwamba dawa inayoonekana haifai kwa wengi yaweza kuwa ndiyo hasa inayomfaa mmoja, iwapo uvimbe wake utasomwa.

Kazi hiyo ikapanuliwa. Mwaka 2014 mradi wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani ulitoa matokeo ya uvimbe 131 wa kibofu, na mwaka 2017 idadi ikafika 412. Mwaka 2019 nchi hiyo iliidhinisha dawa ya erdafitinibu kwa wagonjwa wa saratani ya kibofu ambao uvimbe wao una hitilafu katika jeni za aina ya FGFR. Daktari hapeleki tena dawa gizani. Husoma kwanza, kisha akatibu.

Sasa tuulize: uvimbe uliosomwa ni wa nani? Wengi wa wagonjwa 412 ni Wazungu wa Marekani, nchi ambayo chanzo kikuu cha ugonjwa huu ni tumbaku. Kwetu, pamoja na tumbaku, kuna chanzo kingine kikongwe, nacho ni kichocho. Minyoo yake iligunduliwa na Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Mwaka 1911, katika mji huo huo, daktari Ferguson alionesha kuwa kichocho na saratani ya kibofu hufuatana. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaiweka minyoo hiyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Mayai ya minyoo hunasa katika ukuta wa kibofu, yakauchoma na kuuvimbisha mwaka baada ya mwaka, hadi chembe zinazojirekebisha bila kupumzika zinapokosea. Saratani inayotokea hapo mara nyingi ni ya chembe bapa, aina tofauti na ile iliyojaza ramani za Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wagonjwa 185 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania ulikuta kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa na aina hii. Basi dawa zilizobuniwa kwa kusoma uvimbe wa wengine hatuwezi kuzichukulia kuwa zitawafaa wetu vile vile.

Atauliza msomaji: tunahangaika na jeni za nini, nasi hata vipimo vya kawaida havitutoshi? Swali hilo ni la haki. Wala hatusemi mtu angoje maabara kubwa ndipo ajikinge. Misri ni shahidi. Katika taasisi ya taifa ya saratani ya Cairo, saratani ya chembe bapa ilikuwa takriban robo tatu ya saratani zote za kibofu mwaka 1980; kufikia mwaka 2005, baada ya miaka mingi ya kupambana na kichocho, ilikuwa takriban robo tu. Unguja na Pemba nako, tangu mwaka 2012, dawa ya prazikwanteli, vita dhidi ya konokono na elimu kwa watoto vimekipunguza kichocho kwa kiasi kikubwa.

Na katika jambo hili mafundisho ya dini yetu yametutangulia. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Hatudai kwamba katazo hilo ni somo la minyoo; lakini anayelitii hukata mnyororo wa kichocho mahali unapoanzia, kwani mayai hutoka katika mkojo, yakaanguliwa majini na kuingia ndani ya konokono. Ni aibu, basi, kuona bwawa la kijiji cha Waislamu likichafuliwa na vijana wao wenyewe.

Lakini kinga haimwokoi aliyekwisha kuugua, na hapa ndipo haya isiyo mahali pake inapotudhuru. Haya ni sehemu ya imani, hilo halina ubishi. Hata hivyo Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Ikiwa haya haikuwa kizuizi cha kuuliza habari za tohara, itakuwaje kizuizi cha kumwambia daktari kwamba unakojoa damu? Mtu mzima aionaye, hata mara moja, na apimwe. Mama ambaye mtoto wake anakojoa damu asiambiwe kwamba kijana amebaleghe, kama isemwavyo katika sehemu nyingi za Afrika. Mtoto huyo ana ugonjwa, na dawa ipo.

Kwa upande wa pili, hospitali zetu za rufaa na vyuo vyetu vya tiba vina wajibu wa kuuhifadhi na kuusoma uvimbe wa wagonjwa wetu. Na mgonjwa anayeombwa kipande chake aelezwe kwa lugha anayoielewa kinakwenda wapi na kwa faida ya nani. Wenye hofu kwamba nyama zao zitasafirishwa na manufaa yasirudi wana haki ya kujibiwa kabla ya kuombwa sahihi. Wakijibiwa kwa ukweli, tunawasihi wakubali.

Mgonjwa yule wa New York alipona uvimbe wake kwanza, ndipo sababu ikatafutwa, na sababu hiyo ikawa elimu kwa wengine. Wetu wanazikwa pamoja na sababu zao. Anayekojoa damu leo na aseme leo, na anayemtibu ayaandike aliyoyaona.

Wabillahi tawfiq.