Mgonjwa Asiachwe Peke Yake

Mwaka jana mama yangu alipasuliwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani na kuambiwa arudi baada ya siku 14. Siku ya sita kidonda kilivimba na kutoa usaha. Yeye alinyamaza, akidhani ndivyo watu wanavyopona. Nami nilikuwa karibu naye nikicheza na simu. Alirudishwa hospitali, akalala huko majuma matatu.

Kumbe simu ile ile ingalimfaa. Katika wilaya ya Kirehe, nchini Rwanda, wahudumu wa afya waliwatembelea akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa, wakawauliza maswali na kupiga picha za vidonda kwa simu ili madaktari wazitazame. Ziko pia programu za simu ambazo mgonjwa mwenyewe huzijibu kila siku: Je, una homa? Kidonda chatoa maji? Umetembea leo?

Wengine watasema kwamba wazee wetu hawawezi kuzisoma. Ni kweli, lakini sisi wanafunzi twaweza kuwasomea. Simu haitibu, bali humwita daktari mapema. Yafaa kila mgonjwa aulizwe hali yake angali kitandani kwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.