Wikio na Bakuli la Jirani



Mgeni akishuka gatini Lamu husifu milango ya nakshi, vichochoro visivyopitika kwa gari na punda waliobeba mchanga. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu katika urithi wa dunia. Lakini mwenyeji akiulizwa apendacho kwao, aghalabu humtaja jirani.

Tazameni wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Kwa njia hiyo mama na bintiye, au dada na dada, walitembeleana kwa stara bila ya kushuka njiani. Chini, penye daka, mabaraza ya mawe humpokea mgeni kabla hajaingia ndani. Wazee wetu walipojenga, walimkumbuka jirani tangu msingi.

Leo baadhi ya nyumba hizo zimeuzwa, jamaa wamehamia mbali, na kuna mawikio yaliyofungwa. Bibi aliyebaki peke yake husikia adhana mara tano kwa siku, ila huenda siku ikapita asisikie hodi.

Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji ya mchuzi ili jirani apate fungu lake. Basi juma hili, mama, unapoepua chungu, mpe mwanao bakuli lililofunikwa kawa, umtume nyumba ya pili. Akirudi, muulize hali ya aliyemkuta. Ndivyo atakavyojifunza kuupenda mji wake.

Wabillahi tawfiq.