Kero ya nyumbu siyo majani tu

Vijana wengi wanaofuga kibiashara wakilalamika kuhusu nyumbu utasikia neno moja: majani. Wanamaliza malisho! Mimi naona hesabu hiyo mnaianzia pabaya. Utafiti uliofanyika Laikipia, Kenya, ulionyesha kwamba ng'ombe wanaochungwa pamoja na wanyamapori huongezeka uzito kidogo wakati wa kiangazi, ila mvua zikinyesha huongezeka vizuri kuliko wale wanaolisha peke yao. Kwa hiyo kwenye majani kuna kukosa na kuna kupata.

Kinachouma kweli ni ugonjwa wa nyumbu, ule Wamaasai wanaouita ingati.

Mvua zikianza, nyumbu wa Tarangire hutoka hifadhini kwenda kuzaa tambarare za Simanjiro, maana majani mafupi ya kule yana madini mengi. Ndama wao, mpaka wafikishe kama miezi mitatu au minne, hutoa kirusi kwenye makamasi na machozi. Nyumbu mwenyewe haumwi. Ng'ombe wako akikipata, wiki kadhaa baadaye homa inapanda, macho yanakuwa meupe, pua inatoa usaha, na karibu wote wanaougua hufa. Dawa hakuna, chanjo dukani hakuna. Ukichoma oksitetrasaiklini umetupa hela, jamani. (Nafuu ni moja: ng'ombe mgonjwa hamwambukizi mwenzake, kwa hiyo usigombane na jirani kisimani.)

Wazee walijua zamani: nyumbu akizaa, hamisha mifugo. Sawa, unahamia wapi? Kwenye vichaka, majani hafifu, kupe tele. Na ni wakati ule ule tambarare ina malisho bora ya mwaka mzima. Maziwa yanapungua, ndama wanadumaa, mchungaji anataka nyongeza. Hakuna hata ng'ombe mmoja aliyekufa, lakini hasara umeshaipata, na kama hao machotara uliwanunua kwa mkopo, marejesho hayasubiri.

Hasara hiyo nani anailipa? Kanuni zetu za kifuta jasho zinamfikiria simba aliyevamia zizi, siyo mfugaji aliyehama kumkwepa nyumbu. Hapo nipo upande wenu kabisa. Mtalii anayempiga picha nyumbu ndani ya hifadhi anamwangalia mnyama aliyelishwa miezi kadhaa kwenye ardhi ya vijiji. Kijiji cha Terrat kilikubaliana na kampuni za utalii mwaka 2005 kilipwe kila mwaka ili tambarare yake isilimwe. Mfano mzuri, ingawa fedha ya kijiji haifiki moja kwa moja kwenye boma lililohama.

Wale wanaosema tulime tambarare yote nyumbu asipate pa kurudi, siwaungi mkono. Mahindi kule mwaka huu utavuna, mwakani utaambulia mabua, na malisho yako mwenyewe ndiyo yameshakwenda.

Ila msiende kudai mikono mitupu. Andikeni tarehe mliyohama na mliyorudi, lita za maziwa kabla na baada, uzito wa ndama, posho ya mchungaji, dawa ya kupe. Wafugaji kumi wenye madaftari ya misimu miwili wana kitu cha kuweka mezani halmashauri, na mbele ya wenye kambi za watalii pia. Anza siku utakapoona ndama wa kwanza wa kahawia tambarareni.