Usitume Amana ya Ndege Kabla Hujaikagua Hati

Kama kuna mtu amekutumia picha za Cessna iliyoko Marekani, bei ya kuvutia, na anakusihi utume amana kabla ya Ijumaa ili mwingine asikuwahi, usitume. Pesa hiyo ikiwa ni ya mkopo, unaweza kujikuta unalipa deni la miaka kumi kwa ndege ambayo hutawahi kuigusa. Naandika kwa haraka kwa sababu ndani ya mwezi mmoja nimeketi na watu watatu wanaorusha ndege pale Wilson, Nairobi. Wote wameonyeshwa ndege kwenye simu, na wawili walikuwa wameshajaza fomu za mkopo.

Mmoja nilimkuta kwenye kibanda cha chai nje ya uwanja, fomu ya Sacco iko mezani. Wadhamini wake sita walikuwa wameshatia sahihi, mmoja wao dadake, muuguzi, na mwingine mwalimu wake wa zamani. Nikamwomba namba ya usajili. Akaikuza picha ya ubavu wa ndege mpaka namba ikasomeka, tukaiingiza kwenye tovuti ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Huduma hiyo ni ya bure na haikutuchukua dakika mbili. Jina la mwenye ndege halikuwa la muuzaji. Namba ya kiwandani iliyokuwa kwenye ankara ilitofautiana na ya kwenye usajili kwa tarakimu mbili. Aliikunja ile fomu mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Huyo aliponea hapo. Lakini hata majina yangelingana, bado isingetosha, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sheria ya Marekani inasema wazi kwamba cheti cha usajili wa ndege si ushahidi wa umiliki. Madeni yaliyowekwa juu ya ndege, yaani rehani ya benki au dai la fundi ambaye hakulipwa, huandikishwa katika masjala ya FAA iliyoko Oklahoma City, na ukurasa ule wa bure haukuonyeshi hayo. Lazima umlipe mtu wa kupekua faili na kukupa taarifa ya maandishi. Ukiruka hatua hii umeuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu ndege iliyosajiliwa Marekani haifutwi huko ili ije kusajiliwa Kenya mpaka kila aliyeandikisha haki juu yake awe amelipwa au ameridhia. Ndege itakaa hangani ng'ambo, na mkopo wako utaanza kukatwa mwezi ujao.

Wengine huniambia, "Lakini tuna Mkataba wa Cape Town." Ni kweli, Kenya ni mwanachama wa mkataba huo wa mwaka 2001 unaolinda haki za wakopeshaji juu ya ndege, na masjala yake ya kimataifa iko Dublin. Ila haukuandikwa kwa ajili ya ndege ndogo. Unahusu ndege zenye uwezo wa kubeba watu wanane au zaidi, rubani akiwemo, au mizigo inayozidi kilo 2,750. Cessna 208 Caravan inaingia. Cessna 172 ya viti vinne na 206 ya viti sita haziingii. Ukipekua Dublin kuhusu 172 ukaambiwa hakuna deni, hujaambiwa chochote.

Kuhusu amana yenyewe, usidanganyike kwamba iko salama kwa kuwa imeshikwa na wakala wa upande wa tatu. Mwaka 2023 mahakama ya Texas ilimhukumu Debra Mercer-Erwin kifungo cha miaka 16. Kampuni yake ya Oklahoma City ndiyo iliyokuwa ikishika amana za ununuzi wa ndege. Wakopeshaji walitoa pesa za amana kwa ndege ambazo wamiliki wake hawakuwa wakiziuza na hawakujua kama zimetajwa, na fedha za waliokuja baadaye zikatumika kuwalipa waliotangulia. Waendesha mashtaka walisema utapeli huo ulipita dola milioni 350. Waliotapeliwa walikuwa na mawakili na wahasibu. Wewe una simu na wadhamini sita. Kwa hiyo mtafute wakala wewe mwenyewe, usikubali anayeletwa na muuzaji. Na ikija barua pepe inayosema namba ya akaunti imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, wala si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Tena kuna hatari nyingine isiyohitaji mwizi. Mkopo wa dola kwa mtu anayelipwa kwa shilingi ni mzigo unaoongezeka wakati umelala. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123, na Januari 2024 ikafika kama 160. Deni la dola 60,000 lilitoka shilingi milioni 7.38 hadi milioni 9.6 bila mtu kukopa senti ya ziada. Shilingi ilipanda tena baadaye, lakini marejesho ya miezi ile hayakusubiri.

Halafu injini. Cessna ilisimamisha utengenezaji wa 172 mwaka 1986 na kuurudia 1996, kwa hiyo nyingi za bei nafuu zina miaka arubaini au zaidi. Injini ya Lycoming ya ndege hizo hupangiwa matengenezo makubwa kila saa 2,000 au miaka 12, na kazi hiyo yaweza kumeza dola 30,000 na kupita. Rangi mpya haikuambii lolote. Omba vitabu vyote vya matengenezo tangu siku ya kwanza, na umlipe fundi asiyejuana na muuzaji aifungue ndege na kuichungulia ndani. Muuzaji akikataa fundi wako, biashara imeishia hapo.

Na kama ulishatuma, usione haya na usingoje Jumatatu. Piga simu benki yako sasa hivi, uwaombe wajaribu kuyazuia malipo kabla hayajatolewa upande wa pili, kisha upeleke ankara na barua pepe zote kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Waambie wadhamini wako leo hii. Akiba iliyofungwa kwenye fomu ile ni yao pia.