Tusiyaue Majani Yetu



Naomba nafasi kidogo katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: jinsi ya kuyatunza majani ya uwanjani wakati wa jua kali.

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Nilipomaliza masomo nilivuka mto Ruvuma nikarudi kwetu, na sasa nakaa Quitunda, katika wilaya ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Kwa wasiopajua, Quitunda ni kijiji kipya kilichojengwa katika rasi ya Afungi kwa ajili ya watu waliohamishwa ili kupisha kiwanda cha gesi. Jamaa za kwanza zilihamia mwaka 2019. Nyumba zimepangwa safu kwa safu, nazo ni nzuri, lakini minazi na mikorosho ya baba zetu tuliiacha tulikotoka, na mbele ya mlango tulikuta mchanga mtupu. Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, maelfu ya watu walikimbilia hapa, na mchanga huo ukawa kitanda chao. Baadaye sisi wenyewe tulikimbia, kisha tukarudi.

Niliporudi nilitamani kuotesha kitu cha kuonyesha kwamba hapa pana wenyewe. Nikakumbuka uwanja wa kijani uliokuwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Basi mvua zilipoanza nikatafuta vipande vya ukoka, nikavipanda kwa mistari, na kufika Aprili ua wangu ulikuwa umefunikwa wote. Nilijiona bwana.

Oktoba ikaja. Huku kwetu, kama huko shuleni, jua la Oktoba na Novemba ndilo kali kupita yote, maana mvua haijafika. Majani yakaanza kugeuka rangi. Nami nikafanya kama nilivyozoea kuona shuleni: nikachukua fyekeo nikayakata hadi chini, nikayafagia mpaka mchanga ukaonekana, kisha kila siku adhuhuri nikachota maji bombani na kuyanyunyizia. Kadiri nilivyoyahudumia ndivyo yalivyozidi kufa.

Siku moja nilikuwa bombani na ndoo yangu ya tatu. Nyuma yangu palikuwa na bibi mmoja, jirani yetu, amengoja tangu asubuhi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika marahaba, kisha akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, majani yako hunywa kabla ya watoto?" Sikuwa na jibu. Nikamtekea yeye ndoo zake, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Tangu siku ile nimejifunza mambo, kwa kuuliza, kwa kusoma na kwa kujaribu, na ndiyo ninayotaka kuwaambia wenzangu. La kwanza ni hesabu. Majani yakitakiwa kubaki kijani wakati wa joto yahitaji maji kiasi cha milimita 25 kwa juma, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo ua wa mita 10 kwa 10 wataka lita 2,500, yaani ndoo 125 za lita 20, kila juma! Kiwanja cha mpira cha mita 100 kwa 64 chataka ndoo 8,000. Penye foleni bombani, mtu mwenye haya hawezi kumwaga maji hayo chini.

La pili ni kwamba ukoka haudai maji hayo ili uishi. Waingereza, waliotuletea desturi hii ya uwanja wa majani mbele ya ofisi, kwao mvua hunyesha karibu kila mwezi. Hata hivyo, mwaka 2022 jua lilipowazidi, wengi wao walikatazwa kumwagilia bustani kwa mpira, na bustani za London zikawa na rangi ya mkeka. Huko Nevada, Marekani, mwaka 2021 ilipitishwa sheria ya kuondoa katika eneo la Las Vegas majani ya urembo tu, yasiyochezewa wala kukaliwa, kwa sababu yanakunywa maji ya mto Colorado. Sisi tunao ukoka, ambao ni mzaliwa wa nchi za joto. Mashina yake hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia. Maji yakikosekana huacha majani yake yakauke, huku shina na mizizi vikingoja. Kwa hiyo kukauka kwake si kufa. Anayeuua ni sisi.

Tunauuaje? Kwanza, kwa kukata chini mno. Jani ndilo jiko la mmea. Humo hupikwa chakula cha mizizi kwa mwanga wa jua. Ukilikata lote, mizizi hufupika, nayo mizizi mifupi haifiki penye unyevu. Wakati wa joto yaache majani yawe na urefu wa vidole vitatu hivi, na kila ukatapo usiondoe zaidi ya theluthi moja. Pili, kwa kufagia vipande vilivyokatwa. Viache papo hapo. Huukinga mchanga na jua, na vikioza huwa mbolea. Tatu, kwa kunyunyiza maji kidogo kidogo mchana. Mengi hupotea hewani, na machache yanayobaki huifundisha mizizi kukaa juu. Kama unayo maji ya akiba, mwagilia alfajiri, mahali pamoja mpaka yashuke chini, kisha upumzishe siku kadhaa. Mimi hutumia maji yaliyooshewa mboga na nafaka tu. Samadi iliyooza huitandaza nyembamba mvua inapokaribia, maana mchanga wetu haushiki maji. Lakini katikati ya jua kali siweki mbolea, kwa kuwa huufanya mmea utake maji ambayo hayapo.

Najua wako watakaosema kwamba majani marefu huficha nyoka, na kwamba wazee wetu walifagia ua ukawa mweupe kwa sababu hiyo. Wana haki. Mimi pia naacha njia tupu ya hatua tatu kuizunguka nyumba. Lakini ukoka wa vidole vitatu haumfichi nyoka, na mchanga ulio wazi wote huchukuliwa na mvua ya kwanza. Hapa kwetu nimeona maji yakichimba mfereji chini ya kizingiti cha nyumba isiyo na jani hata moja uani.

Sasa nasema na ninyi mlioko shuleni. Siku zetu, aliyechelewa au aliyepiga kelele alipewa fyekeo. Mtu aliyekasirika hakati majani, huyalipizia kisasi. Ndiyo sababu uwanja wetu ulikuwa vumbi kila Novemba, na magoli mawili yakawa mashimo. Naona heri kazi hii iondolewe katika adhabu, ipewe wanafunzi wachache wanaoipenda, nao waheshimiwe kama wanavyoheshimiwa wacheza mpira. Katika miezi ya joto fyekeo lipumzike, na mazoezi yafanywe pembeni ili mbele ya magoli pasikanyagwe kila siku. Haya hayahitaji fedha.

Mwaka huo uliofuata sikumwaga hata ndoo moja ya bombani. Ua wangu ukawa kahawia, na watoto wa jirani wakanicheka. Mvua ya Desemba iliponyesha, haikupita juma moja ncha za kijani zilitokeza kila mahali. Yule bibi akaja akasimama uani, akaangalia kwa muda, akaniomba kipande cha kupanda kwake. Nikamng'olea kapu zima.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na ajibu, nitafurahi kuyasoma.

Mimi mwanafunzi wenu wa zamani,
Quitunda.