Kuhama si Ujinga

Sisi watu wa pwani tuna desturi ya kumcheka mfugaji. Tukimwona Garsen na ng'ombe wake twauliza, "Mbona hakai mahali pamoja akalima?" Swali hili si la haki.

Tangu mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na humu Kenya wakafa mifugo zaidi ya milioni 2. Je, wafugaji walikaa wakilia? Hasha! Wengi wamepunguza ng'ombe wakaongeza ngamia, ambao hula majani ya miti na huvumilia kiu. Huko Wajir, mwaka 2014, baadhi yao walilipwa kwa bima ya takaful, isiyo na riba, ipimayo ukavu wa malisho kwa picha za setilaiti.

Lakini dawa yao kubwa ni ile ya mababu: kuhama. Mvua ikinyesha Waorma hutawanyika nyikani. Kiangazi kikizidi hurudi Mto Tana na kunywesha kwenye malka, yaani njia za mifugo kufikia maji. Malka zikizibwa kwa mashamba, ngamia na bima havitoshi. Mwaka 2012 ugomvi wa Waorma na Wapokomo, ambao maji na ardhi vilikuwa miongoni mwa vyanzo vyake, uliua watu wengi.

Dini yetu yafundisha kwamba maji na malisho ni ushirika wa watu. Basi malka zipimwe na kuandikwa, wazee wa pande zote wakishuhudia, kabla ya kiangazi kijacho. Mkulima abaki na shamba lake, mfugaji na njia yake.