Wembe Mkali Si Wembe Safi

Labda unaye kijana aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, naye amepanga chumba huko Temeke au Kinondoni. Jumamosi jioni atapita kwa kinyozi ili aonekane nadhifu kesho yake kanisani. Leo tuzungumze habari za wembe utakaogusa shingo yake.

Wembe mzuri hutengenezwa kwa chuma cha pua. Chuma kitupu ni laini. Ukikinoa, makali hayakai. Lakini kikiingiwa na kaboni kidogo tu itokayo katika mkaa, kisha kikapashwa moto na kupozwa ghafula, huwa kigumu. Wajapani ni mafundi wa sifa katika kazi hiyo. Tangu zamani waliyeyusha mchanga wenye chuma kwa mkaa, katika tanuru la udongo. Wembe wao wa jadi huitwa kamisori. Haukunjwi, na makali yake ni ya pua ngumu iliyounganishwa kwa moto na chuma laini. Ukinolewa vema juu ya jiwe, hudumu miaka mingi.

Usidhani maarifa hayo yalikuwa ya ugenini tu. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walitangaza kwamba wahunzi wa Buhaya, katika Mkoa wa Kagera, walitengeneza pua tangu miaka 1,500 hata 2,000 iliyopita. Mivukuto yao ilipuliza hewa katika mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuru, hata moto ukawa mkali sana.

Basi, sikiliza neno langu. Wembe uwe wa kunolewa au wa dukani, makali hayaui vijidudu. Damu kidogo, hata usiyoiona kwa macho, yaweza kubeba virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini aina ya B. Hivi vya homa ya ini huweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Kupangusa wembe kwa kitambaa hakutoshi hata kidogo.

Baba na mama, mwambieni kijana wenu asione haya kusema, “Fundi, naomba wembe mpya, uufungue mbele yangu.” Kinyozi mwema hatakasirika. Nanyi huko kijijini, mnaponyoana chini ya mti, mnapomnyoa mtoto mchanga, au mnaponyoa wafiwa baada ya matanga, shikeni desturi hii: kila kichwa na wembe wake. Uliokwisha kutumika utieni katika kopo lenye kifuniko, usitupwe uani wanapocheza watoto.

Haya, kwaherini mpaka juma lijalo.